Bi Fagio Aacha Kufagia

Watu wengi hufagia uani. Bi Fagio alifagia shamba.

Jina hilo hakupewa kwa kejeli, angalau si mwanzoni. Alipewa na wachumaji, wanawake waliokuja kufanya kibarua kwake kila msimu wa mavuno. Katika mashamba mengine tunda la kahawa likidondoka walilisamehe, kwa sababu lilikwishazama kwenye majani. Kwa Bi Fagio tunda lililodondoka lilionekana toka mbali kama kifungo chekundu juu ya kitambaa cha kahawia. Chini ya mibuni yake hapakuwa na jani, si bichi si kavu. Udongo ulikuwa na alama za fagio, mistari iliyopinda vizuri kama nywele zilizochanwa, na mtu akipita alijisikia vibaya kukanyaga.

Tabia hiyo aliikuta kwa wakweze. Siku alipoletwa pale kama bibi arusi, mama mkwe hakumwuliza kama anajua kupika. Alimchukua hadi nyuma ya nyumba, kwenye mteremko unaoshuka mpaka karibu na mto, akamwonyesha mibuni iliyojipanga.

"Mwanangu," alimwambia, "hapa kwetu wageni hawaangalii sebule. Wanaangalia hapa."

Bi Fagio alikuwa binti mwenye wivu wa kazi. Ndani ya mwaka mmoja shamba lilikuwa safi kuliko sebule. Mabwana shamba wa enzi hizo nao walikuwa wakihubiri usafi kila walipokanyaga: gugu ni mwizi wa mbolea, gugu ni maficho ya wadudu, mkulima bora anajulikana kwa udongo mtupu. Wakaandaa mashindano, akashinda. Zawadi ilikuwa toroli jipya la kijani. Mumewe, fundi seremala aliyekuwa na maneno machache, alilisukuma hadi nyumbani akipita katikati ya barabara. Halikuwa na kitu ndani, lakini alilisukuma polepole kama lililobeba mayai, ili kila mtu apate muda wa kuliona.

Mume alikwishafariki. Toroli lilikuwepo bado, rangi imetoka, gurudumu limebadilishwa mara kadhaa. Na shamba lilikuwa bado linafagiliwa.

Chini kabisa ya mteremko, jirani na mto, ilikuwepo nyumba ya wifi yake, dada wa marehemu. Mashamba yao yalipakana ubavu kwa ubavu, na mgeni hakuhitaji kuonyeshwa mpaka. Upande mmoja ulikuwa na udongo wa kung'aa. Upande wa pili ulikuwa na kila kilichotaka kuota. Wifi alifuga sungura, alipenda redio, na palizi aliifanya siku ambayo redio haina betri.

"Wifi," alimwita Bi Fagio siku moja kutoka kwenye majani yaliyomfika kiunoni, "leo nimemwona nyoka anavuka shamba lako. Alipofika mpakani akavua viatu."

"Kwako angekuja na dira," Bi Fagio alijibu bila kuinua kichwa, "na bado angelala njiani."

Utani huo ulikuwa umedumu miaka mingi, na kila mmoja alijua nafasi yake. Bi Fagio alikuwa mkulima. Wifi alikuwa mfano wa kuonyesha watoto wasiwe hivyo.

Kisha yakaja masharti.

Yalitoka mbali. Huko kahawa inakonywewa, wanywaji walitaka kuhakikishiwa kwamba kikombe chao hakikukata msitu wa mtu wala kuchafua mto wa mtu. Ombi lenyewe halikuwa baya. Wauzaji wa huko wakalipeleka kwa wanunuzi wakubwa, wanunuzi wakalipeleka kwa wasafirishaji, wasafirishaji wakalileta kwenye chama cha wakulima. Kila aliyelipokea alilipitisha kwa aliye chini yake, mpaka likamfikia mtu asiye na wa kumpitishia. Chama kilikubali, kwa sababu bila cheti mnunuzi angekwenda kwingine. Ikatangazwa kwamba mkaguzi atakuja, atachagua mashamba machache kwa kura, atayatembelea.

Kura ikaangukia shamba la Bi Fagio na, kwa bahati ambayo yeye aliiona mbaya, shamba la wifi yake.

Alijiandaa kama mtu anayesubiri posa. Alifagia kutoka juu kushuka chini, akarudi kutoka chini kupanda juu. Majani yaliyodondoka kutoka kwenye miti ya kivuli aliyakusanya, akayachoma nyuma ya zizi. Jioni kabla ya ukaguzi alikwenda mpakani akasimama mikono kiunoni.

"Wifi, hata leo? Fyeka basi kidogo pale kando ya njia, tusiaibike."

"Mgeni anakuja kuona kahawa," wifi akajibu, "haji kunichumbia."

Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye viatu vya mpira na chupa ya maji mkononi. Alifuatana na bibi shamba wa chama, binti aliyehitimu karibuni, ambaye uso wake ulionyesha kwamba anajua kitu na angependa asiwepo. Mkaguzi alisimama juu ya mteremko akatazama kwa muda.

"Mama, umefagia?"

"Nimefagia, bwana."

"Kwa ajili yangu?"

"Hapana. Kila siku," alisema Bi Fagio, na kidevu kikapanda kidogo.

Mkaguzi akafungua chupa, akamimina maji chini ya mbuni. Maji hayakuzama. Yalisimama kidogo juu ya udongo ule mgumu, laini kama sakafu, kisha yakaanza kushuka. Yalipofika kwenye kidole cha mguu wa Bi Fagio yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Hiyo rangi ni shamba lako, mama," mkaguzi alisema taratibu. "Linakwenda mtoni. Na hii ni chupa tu. Fikiria mvua."

Akachuchumaa, akashika shina la mbuni pale linapoingia ardhini, akamwonyesha mizizi iliyokuwa nje kama vidole vya mtu anayening'inia ukingoni. Bi Fagio alikuwa ameiona mizizi ile miaka nenda rudi. Alidhani mibuni inainuka kwa uzee. Kumbe ardhi ndiyo iliyokuwa inashuka.

Akatoa macho kwenye mizizi, akamtazama mkaguzi.

"Bwana, ni ninyi mlionifundisha hivi. Mkanipa na toroli."

"Ni kweli, mama. Hata mimi chuoni nilifundishwa hivyo hivyo. Tulikosea."

"Na mwakani mkisema mlikosea tena?"

Mkaguzi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeguswa panapouma. "Hilo siwezi kukuahidi. Lakini mizizi hii umeiona kwa macho yako."

Walipofika kwa wifi, mwenyewe alitokea mlangoni na mswaki mdomoni. Mkaguzi alijipenyeza kwenye majani, akamimina maji yaliyobaki. Maji yaliingia ardhini mara moja, kana kwamba kulikuwa na mtu chini anayeyapokea. Akarudia mahali pengine, yakaingia tena. Akachimba kwa kidole, udongo ukatoka mweusi, na nyungunyungu ndani yake.

"Hongera, mama," alisema.

Wifi akatoa mswaki. "Hongera ya nini?"

Jioni ile Bi Fagio hakutoka nje, lakini nyumba za pale hazikujengwa za kuzuia sauti ya wifi.

"Wifi! Uvivu wangu umefaulu mtihani! Kumbe miaka yote nilikuwa mtaalamu na hakuna aliyenistahi!"

Matokeo yalisomwa kiwandani, pale chama kinapopokea matunda na kuyamenya. Bi Fagio alikaa kwenye benchi la mbele, mbele ya mlango wa stoo uliotengenezwa na mumewe. Mchanga uliojenga ukuta ule aliubeba yeye kichwani na wenzake, wakati chama hakina hata lori. Mwenyekiti, mzee wa rika lake, alizungukazunguka na maneno, mwisho akaona hakuna pa kukimbilia.

"Dada, mkaguzi anarudi mwakani, mvua kubwa zikiwa zimekolea. Atakuja kwako kwanza. Akikuta hali ni ile ile, cheti cha chama chote kinasimamishwa. Kwa hiyo kamati imeamua. Mwezi mmoja kabla hajaja, bibi shamba atapita. Akiona shamba haliko tayari, tunakutoa kwenye chama, ili tusianguke wote."

"Mnanitoa."

"Kahawa yako utawauzia wachuuzi wa barabarani. Haitapita hapa."

Alitazama mlango wa stoo. Tangu ule mlango uwekwe bawaba, hapakuwa na msimu ambao kahawa yake haikupita pale.

"Nimesikia," alisema, akasimama.

Njiani wifi alitembea kando yake bila kutoa hata utani mmoja. Hapo ndipo Bi Fagio alipoogopa kweli.

Bibi shamba alimweleza cha kufanya: aufunike udongo, apande kitu cha kuushika, akate kasi ya maji. Bi Fagio alisikia neno la kwanza, mengine yakampita. Kufunika alikujua. Alichukua toroli akaenda kukata nyasi kavu kandokando ya barabara, safari baada ya safari, akazitandaza shambani kama anayetandika kitanda cha mgeni. Aliziweka zikiwa zimelala upande mmoja, akazinyoosha pembe kwa mkono. Zilipendeza. Lakini miti ya kivuli haikuambiwa kuhusu ukaguzi. Iliendelea kudondosha majani yake juu ya kitanda kile, na kila asubuhi Bi Fagio alitoka na fagio.

Bibi shamba alimkuta akifanya hivyo.

"Mama, unafagia matandazo?"

"Nafagia majani yaliyo juu ya matandazo."

"Lakini hayo majani nayo ni matandazo."

Bi Fagio alitazama fagio, akatazama majani. "Haya hayakutandikwa," alisema. "Haya yamejidondokea tu."

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha mchana, akiwa jikoni. Ilikuwa mvua ya kupiga bati mpaka watu hawasikilizani. Iliponyamaza, alitoka kuangalia, akakuta shamba liko kama alivyolijua: safi, laini, tupu. Chini ya nyasi zile alikuwa ameacha ule udongo wake wa sakafu, na sakafu haishiki kitu. Kitanda chote kilikuwa kimeteleza.

Kutoka chini ikasikika sauti.

"Wifi! Wifi we! Umenizika!"

Nyasi zote zilikuwa zimekwenda kuegemea mlango wa wifi. Mlango ulikuwa wa kufungukia nje, na sasa haukufunguka kabisa. Kichwa cha wifi kilikuwa dirishani.

"Nimewahi kusikia mtu anaomba msamaha," kichwa kilisema, "sijawahi kusikia anayeomba kwa kutuma godoro."

Bi Fagio alishuka na reki akaanza kuvuta. Alivuta kwa hasira, kisha kwa uchovu, na mlango ulipofunguka nusu akakaa juu ya lile rundo lililolowa, akashika kichwa.

"Wananitoa, wifi. Wananitoa kweli."

Wifi alijibanza akatoka, akakaa naye.

"Njoo nikuonyeshe," alisema.

Alimpeleka nyuma ya vibanda vya sungura, akainamisha magugu marefu kwa mkono. Chini yake, ardhi yote ilikuwa imefunikwa na mmea mfupi unaotambaa, majani madogo matatu matatu, na kila kikonyo kilichogusa udongo kilikuwa kimetoa mizizi. Wifi alijaribu kuuvuta. Uling'ang'ania.

"Huu ndio uliokunywa maji ya mkaguzi. Niliupanda kwa ajili ya sungura, wanaupenda. Ukawashinda kula, ukaingia kwenye kahawa, nami nikauacha. Usinipe sifa, sikuwa na akili yoyote."

"Na haya marefu?"

Wifi alikohoa. "Haya marefu ni magugu tu."

"Mkaguzi alikupa hongera."

"Alinipa. Halafu alipokuwa anaondoka akaniambia nisipoyang'oa haya marefu, mwakani na mimi niko hatarini, yanakula kahawa. Aliniambia pembeni. Wewe ulikwishaondoka."

Bi Fagio aligeuka polepole. "Kwa hiyo nawe ulianguka."

"Sikuanguka. Nilijikwaa."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu ukaguzi Bi Fagio kucheka. Alicheka mpaka akashika kibanda cha sungura. Wifi alingoja amalize, kisha akatoa masharti yake, na hayakutoka ng'ambo. Miche ya ule mmea angempa yote anayotaka. Bi Fagio naye angekuja kumng'olea magugu marefu, kwa sababu kwa kazi hiyo hapakuwa na mtu mwingine duniani. Na sharti la mwisho:

"Nipe fagio."

"Fagio la nini?"

"La shamba. Nalifungia huku kwa sungura. Wewe na hilo fagio mkibaki nyumba moja, hakuna kitakachoota."

Akalileta kesho yake, akalikabidhi kama anayekabidhi mtoto shule ya bweni.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyowapa watu habari ya kuzungumza msimu mzima. Bibi shamba alileta fremu ya mbao yenye umbo la ngazi ya fundi rangi, ina uzi na jiwe katikati, ya kutafutia mstari ulio sawa kukatiza mteremko. Bi Fagio alikuwa mke wa seremala. Aliielewa kabla binti hajamaliza kueleza. Wakapiga vigingi. Kwenye kila mstari wa vigingi akapanda safu nene ya majani ya ng'ombe ili maji yakishuka yapige hodi kwanza. Katikati ya safu, udongo ule wa sakafu aliuvunja kwa uma wa shamba, juu juu, asije akakata mizizi ya kahawa. Kisha vikaja vikonyo vya sungura. Alivipanda kwa kamba, kila kimoja mkono mmoja kutoka kwa mwenzake.

"Wifi," alisema wifi, aliyepewa kazi ya kushika ncha ya kamba na amechoka, "huu mmea unatambaa. Hata ukiupanda kwa rula utakwenda unakotaka."

"Utakwenda unakotaka," Bi Fagio alikubali, "lakini utaanzia kwenye mstari."

Alichokuwa hakijui ni uchungu wa kungoja. Mmea ulikawia kushika. Majani ya miti ya kivuli yalidondoka yakabaki. Matawi aliyopogoa yalilala pale alipoyaangushia, kwa amri ya bibi shamba, yakioza mbele ya macho yake. Kila alipopita, mkono wa kulia ulikunjika wenyewe, umeshika fagio lisilokuwepo. Magugu marefu aliyang'oa kwa mkono, moja moja, na ilibidi ajifunze jambo ambalo hakuwahi kulihitaji, yaani kutofautisha jani na jani. Zamani yote yalikuwa adui.

Dukani nako hakukumwacha.

"Bi Fagio anaumwa?"

"Haumwi. Shamba lake limeanza kufuga ndevu."

"Mama mkwe wake angefufuka leo, angerudi mwenyewe kaburini."

Hilo la mwisho lilimchoma. Alinunua chumvi yake akarudi, na siku hiyo hakwenda shambani hata kidogo. Alikwenda kesho yake.

Mwezi mmoja kabla ya ukaguzi bibi shamba alipita, kama kamati ilivyotaka. Mmea ulikuwa umekutana mstari kwa mstari karibu kila mahali, isipokuwa kona ya juu, penye mwinuko mkali, ambapo udongo ulikuwa bado unaonekana.

"Pale?" binti aliuliza.

"Pale patafunikwa."

"Mama, nikisema uko tayari na pale pakafeli, chama chote kinaingia shimoni. Na mimi pamoja nacho."

"Najua," alisema Bi Fagio. "Njoo ushike kamba."

Binti alivua viatu akashika kamba. Wakajaza ile kona kwa vikonyo vyenye mizizi tayari, vikiwa vimebanana kama abiria, na juu yake wakaweka matawi ya kupogoa kuzuia mvua isiving'oe. Jioni bibi shamba aliiambia kamati kwamba shamba liko tayari. Siku zilizofuata, kila mvua iliponyesha, wote wawili walikwenda kutazama kona, kila mmoja kwa wakati wake, wakijifanya wanapita tu.

Siku ya mkaguzi, Bi Fagio aliamka alfajiri. Mgeni anakuja. Maneno hayo yalikuwa yamekaa mwilini mwake zaidi ya nusu ya umri wake, na mwili haukungoja ruhusa. Mkono ulikwenda nyuma ya mlango, ukakuta ukuta. Akatoka nje. Mwanga ulikuwa ndio unaingia, na shamba lote lilikuwa kijani na kahawia, majani juu ya majani, limejaa kama soko. Akavunja kijiti kwenye wigo. Akavunja kingine. Alikuwa ameshafunga vijiti vya kutosha kwa kipande cha kamba alipohisi kuna mtu.

Wifi alikuwa amekaa juu ya toroli, amejifunika shuka, redio mapajani.

"Nilijua," alisema. "Nimekaa hapa tangu jogoo wa kwanza."

"Njia tu, wifi. Nifagie njia tu."

"Leta hapa."

Bi Fagio alimpa vile vijiti. Wifi akavitazama, akavitia chini ya makalio yake, akaongeza sauti ya redio.

Mkaguzi alifika na viatu vile vile na chupa ya maji, pamoja na mwenyekiti na bibi shamba. Hakupata nafasi ya kuifungua chupa. Mawingu yaliyokuwa yakijikusanya tangu asubuhi yalimwagika yote kwa pamoja, wakakimbilia chini ya paa la jiko, wakasimama wamebanana huku bati likipigwa. Bi Fagio alitazama kona ya juu mpaka mvua ikaifuta. Hakuona kitu tena.

Mvua ilipopungua, mkaguzi hakwenda shambani. Alishuka moja kwa moja chini, kwenye mfereji unaopita mbele ya nyumba ya wifi kuelekea mtoni, na wengine wakamfuata wakiteleza. Kutoka upande wa barabara, mfereji ulikuja na maji mazito mekundu. Kutoka shamba la Bi Fagio yalikuwa yanatoka maji machache, taratibu, yakipenya kwenye safu ya mwisho ya majani ya ng'ombe. Pale yalipokutana, mstari ulionekana wazi.

Wifi aliingia ndani mbio akatoka na glasi, ile ya wageni. Bi Fagio mwenyewe aliinama akakinga maji ya shamba lake. Akainyanyua kwenye mwanga, na kupitia kwenye maji yale akauona uso wa mwenyekiti, na macho yake, na meno yake yaliyokuwa yameanza kuonekana.

Mkaguzi alipanda hadi kwenye kona ya juu, akanyanyua tawi, akaingiza kidole, akachungulia mashina. Mizizi ya mibuni haikuonekana tena. Alirudi akifuta mikono kwenye suruali.

"Mama, hapa sina la kukufundisha. Umefaulu."

Akafungua chupa yake, na maji ya mtihani akayanywa mwenyewe.

Mwenyekiti alimshika Bi Fagio mkono kwa mikono miwili, akautikisa, akasahau kuuachia. Bibi shamba aligeuka pembeni akapangusa macho, akisingizia mvua. Wifi hakusingizia kitu. Vigelegele vyake vilivuka mto, na watu wa ng'ambo ya pili wakatoka nje kuuliza nani anaolewa.

"Bwana mkaguzi," alisema Bi Fagio mkono wake uliporudishwa, "na mimi nina swali. Sisi tunakaguliwa. Hao wanaoinywa kahawa huko, kama wanatulipa inavyostahili kazi hii, nani anawakagua?"

Mkaguzi alifikiri. Alikuwa mtu mkweli.

"Hakuna, mama."

"Basi ukifika waambie kuna mtu huku angependa kuwapitia. Nitakuja na chupa yangu."

Alisema atawaambia. Kama aliwaambia, habari haijarudi.

Msimu ulipofunguliwa, foleni ya kwanza kiwandani iliongozwa na toroli la kijani lililochakaa, limejaa matunda mekundu mpaka juu. Wachumaji walikuwa wamelalamika kwamba sasa tunda likidondoka halionekani. Bi Fagio akawanunulia maturubai ya kutandika chini ya mibuni, akasimamia yanyooshwe pembe. Alipopita kwenye mlango wa stoo, aligusa fremu kwa vidole, kama mtu anavyogusa bega la mwenzake akipita.

Wale wa dukani waliokuwa na utani wa ndevu walianza kuja mmoja mmoja kuomba vikonyo. Aliwapa wote. Lakini kwanza aliwapa ncha ya kamba, na aliyepanda kombo alirudishwa mwanzo. Wifi alikaa juu ya jiwe na redio yake akiwahurumia kwa sauti. Shamba la wifi nalo lilikuwa halina gugu refu hata moja, na mwenyewe alisema anajisikia kama amenyolewa akiwa amelala.

Siku ya malipo ya kwanza, wifi alileta fagio. Sungura walikuwa wametafuna nusu ya vijiti.

"Limepungua," alisema Bi Fagio.

"Nawe umepungua. Mtaelewana."

Asubuhi iliyofuata alifagia ua. Alianzia mlangoni, mistari ikipinda vizuri nyuma yake, akazunguka jiko, akapita zizi, mpaka akafika pale ua unapoishia na kahawa inapoanzia. Kikonyo kimoja cha ule mmea kilikuwa kimevuka, kimetambaa hadi uani, kimejitanua kwenye udongo wake uliofagiliwa. Alikitazama. Akakinyanyua kwa ncha ya fagio, taratibu, akakirudisha upande wake, akakikandamizia mizizi kwa kidole cha mguu.

Kisha akageuka, akaendelea kufagia kurudi nyumbani.